Kaa wa baharini, kaa la moto na kaa kitako: ni neno moja au matatu?

Swali: Salaam aleikum, Mwalimu. Naandika kutoka Kisauni, Mombasa. Mwanangu wa Gredi ya 6 aliambiwa atoe mfano wa vitawe, akaandika kwamba "kaa" ni neno moja lenye maana tatu: mnyama wa baharini, kipande cha makaa, na kitendo cha kukaa. Mwalimu wake kampa alama zote lakini kaandika pembeni: "Ni maneno matatu." Nyumbani pakawaka moto. Baba mkwe wangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, ashikilia kwamba kaa ni Kiarabu, limetoka kwa qaada, yaani kuketi. Muuza makaa wetu, Mgiriama, asema neno ni la kwao, wao husema makala. Mpangaji wetu wa kutoka Nyeri asema kwao ni ikara, na kwamba ikara hiyo hiyo ni kukaa na ni kaa la moto, kwa hivyo mtoto hakukosea. Mwenye duka hapo mtaani naye katia lake: Kihindi kala ni nyeusi, na makaa ni meusi, basi mwataka ushahidi gani? Nani mkweli?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Mwalimu wa mwanao yuko sawa. Ni maneno matatu, na ukilihesabu lile wanalolitumia vijana wa siku hizi, yatakuwa manne. Muuza makaa na mpangaji wamesema kweli kuhusu lugha zao, ila hakuna kati yao mwenye hati ya kulimiliki neno, na mpangaji ana jambo moja lililompita. Mwenye duka amekutana na sadfa. Baba mkwe amekosea kwa maneno matatu ya mwanzo, lakini usimwambie hivyo bado, kwa kuwa huko mbele nitampa neno moja zima liwe lake.

Tuanze na jambo mnaloweza kulijaribu jioni hii hii barazani. Chukua kipande cha karatasi nyepesi, ile ya kusokotea sigara ndiyo bora, ukining'inize mbele ya mdomo wa mzee. Mwombe aseme kwa sauti yake ya kawaida, "Kaa ana magando," kisha aseme, "Kaa limezimika." Ikiwa ulimi wake ni wa Kimvita cha zamani, yaani lahaja ya Mombasa, karatasi itaruka kwa neno la kwanza na itatulia kwa la pili. Kaa wa baharini hutamkwa kwa kupuliza pumzi baada ya k. Wanaotaka kuionyesha pumzi hiyo katika maandishi huweka alama ndogo juu, k'aa. Kaa la moto halina pumzi, wala kitendo cha kukaa hakina.

Mwambie pia aseme paa la nyumba na paa yule anayefanana na swara. Karatasi itaruka kwa mnyama. Na tembo vilevile, ingawa hapa Mombasa mfano huu una utani wake, kwa sababu wenyeji humwita mnyama ndovu, na ukisema tembo watu hufikiria mnazi na mgema. Lakini kwa wanaotumia neno hilo kwa mambo yote mawili, mnyama ndiye mwenye pumzi.

Pumzi hiyo ni mabaki ya sauti iliyokufa. Kikongo humwita kaa nkala. Kizulu husema inkalankala, Kixhosa unonkala. Kote huko kuna n iliyokaa mbele ya k. Katika Kiswahili, n ikitangulia k, p, t au ch kwenye majina ya aina hii, yenyewe hupotea ikaacha pumzi nyuma yake. Ndiyo maana kuku wa Kizulu ni inkukhu na kuku wa mzee wa Mvita ni k'uku. Kipande cha makaa hakikuwa na n hiyo tangu mwanzo, kwa sababu kilikuwa katika ngeli nyingine, ile ambayo wingi wake huanza kwa ma-. Mwanao anaijua kwa jina la shuleni, LI-YA: kaa limezimika, makaa yamezimika. Kaa wa baharini yuko A-WA: kaa ametambaa, kaa wametambaa. Wala husemi "makaa wametambaa ufuoni" ila kwa mzaha. Sarufi yenyewe, kabla mtaalamu hajaitwa, ilikwisha kuyahesabu mbali mbali.

Kwa nini basi mtoto asione tofauti? Kwa sababu anajifunza kwa macho. Mnamo 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki pamoja na wamishenari walikutana papa hapa Mombasa kuamua Kiswahili gani kifanywe sanifu, wakachagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar. Kamati ya lugha iliundwa miaka 2 baadaye, 1930, kuisimamia kazi hiyo ya vitabu na tahajia. Sijazoea kuulaumu mkutano ule kama wafanyavyo wengine, lugha moja ya vitabu ilihitajika, lakini kuja hadi mlangoni mwa Mvita na kukiacha Kimvita nje ni jambo ambalo wazee wetu hawakulisahau. Kimvita ndicho kilichokuwa msingi mkubwa wa kamusi ya Krapf, mmishenari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844 na ambaye kamusi yake ilichapishwa 1882. Tahajia iliyotokana na usanifishaji haina alama ya pumzi. Kitabuni kaa na kaa ni herufi zile zile tatu, na mtoto aliyelelewa na kitabu atazitamka sawa. Kwa hivyo maneno mawili ambayo babu yake anayatofautisha bila kufikiri, kwake yamekuwa sauti moja. Hilo si kosa lake.

Sasa twende kwa muuza makaa. Makala yake na makaa yetu ni neno moja, na tofauti ya l haikuja ovyo. Mwambie akutajie maneno mengine matatu au manne. Njaa atasema nzala. Mvua atasema mvula. Ukivuka ukaenda hadi Malawi, Kichewa kina njala, mvula, njira kwa njia, na vala kwa vaa. Mpangaji wako wa Nyeri atasema mbura na njira, kwa kuwa Kikuyu hutumia r mahali pale. Unaona kinachotokea: kila mahali wenzetu walipo na l au r katikati ya irabu mbili, sisi tuna pengo. Njaa, njia, mvua, vaa, zaa, kaa. Kiswahili kiliidondosha sauti hiyo zamani sana, kisha irabu mbili zikabaki zimeegemeana. Ndiyo asili ya aa nyingi katika lugha yetu.

Sheria hiyo ina wakaidi wake. Lala imebaki lala. Lima na mlango zimebaki na l zao. Lakini mapengo ni mengi mno na yanalingana mno kuwa bahati. Na Kiswahili chenyewe kimehifadhi l iliyopotea mahali ambapo hatuangalii: kaa, lakini kalia na makalio; vaa, lakini valia; zaa, lakini zalia na zalisha. Ukikinyambua kitendo, l inarudi. Hapa niwe mwangalifu, maana wanafunzi wangu wakilijua hili huanza kulitumia kupita kiasi. L hiyo ya kunyambua imeenea hadi kwa vitendo ambavyo havijawahi kuwa nayo, kama sahau, ambacho ni cha Kiarabu na bado twasema sahaulia. Kwa hivyo kalia peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Kalia pamoja na ikara ya Kikuyu, ile ya kukaa, hapo kesi imekamilika.

Kigiriama na Kiswahili ni ndugu wa karibu. Wanaisimu huviweka pamoja na Kidigo na lugha nyingine za Mijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro katika kundi moja waliloliita Sabaki, kwa jina la mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Kwa hivyo muuza makaa akisema neno ni lao hajakosea, lakini ni letu pia kwa haki ile ile. Kuna Mkongo anayesema Kilingala mwenye haki hiyo vilevile, makaa kwake ni makala, na gereza kuu la Kinshasa huitwa kwa jina hilo, Makala. Neno ni la zamani kuliko lugha zote hizi tunazozitaja. Wanaochunguza asili ya lugha za Kibantu hulijenga upya kuwa kama -kada, wakiwekea nyota mbele kuonyesha kwamba hakuna aliyelisikia likitamkwa wala kuliona limeandikwa. Limepatikana kwa kulinganisha tu. Kazi hiyo ya kulinganisha sauti kwa sauti ilipata msingi wake kwa Carl Meinhof, mwanaisimu Mjerumani, mnamo 1899, na ni Meinhof huyo huyo aliyealikwa Mombasa 1928.

Mpangaji wako ameleta jambo zuri kuliko wote, na ningependa kukaa nalo kidogo. Kikuyu kweli kina ikara kwa kukaa na ikara kwa kipande cha makaa. Yakiandikwa, yanafanana herufi kwa herufi. Akasema basi ni neno moja. Mwulize wingi wa lile la moto. Atakwambia makara. Ile i imeondoka, kwa kuwa ilikuwa kiambishi cha umoja, kama vile ji- ya jiwe inavyoondoka tukisema mawe. Kisha mwulize aseme "kukaa". Atasema gũikara, na i iko pale pale, maana hiyo ni sehemu ya mzizi wenyewe. I mbili, kazi mbili. Mkamba husema ikala, Mbemba wa Zambia husema ikala, Mnyarwanda husema icara, kote huko mzizi umeanza na irabu hiyo. Kiswahili kiliiangusha irabu ya mwanzo, kikaiangusha na l ya katikati, na kilichobaki ni kaa.

Kwa hivyo angalia tulikotoka. Palikuwa na nkala wa baharini, na palikuwa na ikala la moto ambalo i yake ni ya ngeli, na palikuwa na -ikala ya kuketi ambayo i yake ni ya mzizi. Yalikuwa yanakaribiana, lakini hakuna mtu angeyachanganya, hasa kwa vile lugha mama ya Kibantu ilikuwa na toni, kupanda na kushuka kwa sauti kunakotenganisha maneno, kama Kikuyu kilivyo nayo hadi leo. Kiswahili kimepoteza toni. Kikapoteza n, i na l. Maneno matatu yaliyokuwa yakitembea kila moja na nguo zake yamefika kwetu yamevuliwa yote, na sasa tunauliza mbona yanafanana.

Baba mkwe sasa. Dai lake si la kipuuzi, na nimelisikia kwa watu waliosoma. Kiarabu kina qaʿada, kuketi, sauti ya mwanzo inafanana, maana ni ile ile, na Kiswahili cha Mombasa kimejaa Kiarabu. Lakini neno la Kiarabu likiingia Kiswahilini haliingii bila kuacha alama za safari. Tazama mwisho wa kitendo. Vitendo vyetu vya asili huishia kwa a na hubadilika: nakaa, sikai, nikae. Vya Kiarabu huja na i, u au e na hukataa kubadilika: narudi, sirudi, nirudi. Hakuna mtoto wa Mombasa atakayesema "nirude". Kama kaa lingetoka kwa qaada, tungetarajia kitu kama "kaidi" au "kaadi", na tungesema "sikaadi". Tena hiyo d ingeenda wapi? D za Kiarabu hatuzitupi. Idadi, ahadi, zidi, rudi, zote zimefika na d zao.

Na mzizi huo wa Kiarabu umekuja kwetu kweli, ila kwa mlango mwingine. Neno kaida limetokana nao. Qāʿida kwa Kiarabu ni msingi, kile ambacho kitu kimekalia, kisha likawa kanuni. Na mzee anajua mwezi wa Dhulkaada, tunaouita sisi Mfunguo Pili, jina lake hufafanuliwa kwa kukaa huko huko, kwamba Waarabu walikuwa wakikaa wasiende vitani. D iko pale pale katika yote mawili. Mtaje hayo kwanza, atafurahi, ndipo umletee Mbemba wa Zambia na Mnyarwanda, walio mbali na bahari na ambao hawakungoja jahazi la msimu liwafundishe kuketi.

Nilikuahidi neno lake. Wasikilize vijana wakizungumza katika matatu ya kwenda Nyali: "Kaa hutaki, sema." "Iko kaa ile ya jana." Hapo kaa ni kama, iliyotamkwa haraka hadi m ikamezwa. Na kama, kamusi zetu huiandika kuwa imetoka kwa kamā ya Kiarabu. Kwa hivyo ipo kaa ya Kiarabu Mombasa, ila haiko barazani, iko midomoni mwa vijana anaowagombeza kila siku kwamba wanaharibu lugha. Ningelipa nauli nije nimwone uso wake ukimwambia.

Iko kaa nyingine ya watu wa bara inayowaudhi wazee wa Pwani kuliko hiyo. Mtu wa Nairobi husema, "Unakaa mchovu," akimaanisha unaonekana mchovu, au "mtoto anakaa babake," yaani amefanana naye. Mzee wa Mvita humjibu, "Akaa naye wapi?" Hii siihesabu kuwa neno la tano. Ni kitendo kile kile cha kuketi kilichonyooshwa, na kimenyooshwa kwa njia inayojulikana. Kukaa mahali hugeuka kuwa katika hali, na kuwa katika hali hugeuka kuonekana hivyo. Nenda Likoni umsikilize Mdigo: kwake kukala maana yake imekwisha kuwa "kuwa" tu, na akitaka uketi hukwambia sagala. Yeye amefika mbali zaidi ya Mnairobi na hakuna anayemcheka.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo mwalimu alitaka mtoto aione. Kitendo kukaa ni neno moja lenye maana nyingi kweli. Unakaa kitako. Unakaa Kisauni. Chakula kimekaa siku tatu kikachacha. Kanzu imemkaa vizuri. Mjane anakaa eda. Unaambiwa ukae macho, ukae chonjo, ukae kimya. Mtembea bure si mkaa bure. Maana zote hizo zinashikana mkono, unaweza kutoka moja hadi nyingine bila kuruka mtaro. Kutoka kuketi hadi mnyama mwenye magando hakuna pa kukanyaga. Watu hujaribu, nimewahi kuambiwa kwamba kaa ameitwa kaa kwa kuwa hukaa shimoni, na kwamba kaa la moto huitwa hivyo kwa kuwa hukaa na joto muda mrefu. Ni hadithi tamu, na zinaonyesha akili za watu zinavyochukia sadfa. Lakini Kikuyu chenye wingi makara na Kizulu chenye n yake vinazikataa.

Mwenye duka nilimweka mwisho kwa sababu kosa lake ndilo linalowapata wengi. Kweli kala, au kwa urefu wake kālā, ni -eusi kwa Kihindi. Kweli makaa ni meusi. Ukitaka nikuongezee, Waingereza huyaita makaa ya mawe coal, nayo inasikika kama koli. Ukiwa na Mhindi, Mwingereza na Mgiriama mezani, tayari umepata "neno moja la dunia nzima". Lakini ulizia historia. Neno la Kiingereza lina ndugu zake Ujerumani na Skandinavia, Kohle na kol, na halijapita hapa. La Kihindi limetoka Sanskriti. Letu limeenea kutoka Kongo hadi Malawi hadi Mlima Kenya, sehemu ambazo Kihindi hakikuwa kikisemwa wakati neno lilipokuwa tayari la zamani. Tena tukikopa kwa Wahindi huwa tunakopa vitu vya biashara na ufundi. Gari limetoka kwao, gāṛī, ingawa kuna vijana watakaoapa kwamba limetoka kwa car ya Kiingereza kwa kuwa yanasikika jirani. Car ina ukoo wake wa Kilatini, carrus. Na ukisafiri Nigeria ukataka gari, Mhausa atadhani wataka mji au unga, kulingana na ulivyovuta irabu.

Sadfa kama hizi lazima zitokee, na hesabu yake si ngumu. Chukua lugha yenye konsonanti 20 na irabu 5. Silabi za konsonanti moja na irabu moja zitakuwa 100. Maneno ya silabi mbili za aina hiyo, kama kala, gari, bara, yanaweza kuwa 10,000 tu. Lugha za dunia ni karibu 7,000, na kila moja inahitaji maelfu ya maneno. Maneno mafupi lazima yagongane. Bara yetu ni nchi kavu, kutoka kwa barr ya Kiarabu. Kijapani bara ni waridi, Kiswidi bara ni "tu", na Wales ni mkate. Hakuna hadithi ya kuziunganisha nne hizo na haitafutwi. Neno likiwa fupi, kufanana kwake na jingine la lugha ya mbali kuna uzito mdogo sana. Uzito uko katika tofauti zinazojirudia, kama ile l ya mvula, njala na makala inayokosekana kwetu kila mara.

Hata neno makala lenyewe lina mtego. Unachokisoma sasa hivi ni makala, na hiyo ni Kiarabu safi, maqāla, jambo lililosemwa. Muuza makaa wako akipita na kibao cha "makala" na mhariri wa gazeti akipita na chake, wanauza vitu viwili visivyojuana, na kila mmoja ameliandika neno lake sawa.

Kuhusu daftari la mtoto: alama alizopewa ni zake, asizirudishe. Vitawe, kwa jinsi zinavyofundishwa shuleni, ni maneno yenye maana zaidi ya moja, na mtihani hauulizi yalikotoka. Lakini akitaka sentensi itakayomridhisha mwalimu, aandike kwamba kaa ni maneno matatu ya asili tofauti ya Kibantu ambayo sauti zake zimekuja kulingana, na kwamba kitendo kukaa peke yake ndicho chenye maana nyingi ndani ya neno moja. Kisha aongeze mifano mitatu yenye upatanisho wa sarufi: kaa wawili wametambaa, makaa mawili yamewaka, watu wawili wamekaa. Akiweza kumpata babu yake akubali ile karatasi mbele ya mdomo, arekodi kwa simu ampelekee mwalimu. Rekodi kama hiyo inafaa kufanywa mapema, kwa kuwa wajukuu wengi wa Mombasa hawaipulizi tena hiyo k.